Ng'ombe Mwenye Ndama

Mtu mzima akimsimamia mtoto na kumwambia "cheza," mimi nasikia kichefuchefu. Sisemi kwa mzaha. Juzi mkwe wangu alivuta kiti hadi uani, akaanza kuwapangia wajukuu zangu nani awe mama na nani awe mgonjwa, na alipomaliza akanigeukia eti nimsifu. Niliingia ndani nikaosha mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote.

Nilikuwa na miaka kumi hivi, enzi za Mjerumani, hukuhuku Meru. Shule ya misheni ilifungwa ili watu wavune mahindi, na asubuhi ya kwanza mama alitutoa jikoni mimi na mdogo wangu.

"Shule imefungwa, msinizungukezunguke hapa. Nendeni mkacheze, njaa itawarudisha."

Hakuuliza tunakwenda kucheza nini. Sijaona malezi bora kuliko hayo.

Tulikwenda mferejini, chini ya migomba, penye udongo mweusi unaonata, tukawakuta watoto wa majirani. Kila likizo tulifinyanga ng'ombe. Pembe zilikuwa miiba, boma lilikuwa vijiti, na mbuzi walikuwa ndulele, yale matunda ya manjano ya porini. Ng'ombe wa udongo hatukuwaingiza nyumbani kamwe. Waliachwa palepale mpaka mvua iwamalize, na likizo nyingine unaanza upya.

Mdogo wangu alikuwa na miaka sita. Alifinyanga ng'ombe mmoja tu, jike, na ndama ananyonya. Siku nne nzima alimchunga huyohuyo. Alimkamua, alimwimbia, alimgombeza eti anapiga mateke. Shingo ya ndama ilikuwa imepinda vibaya, na tulipomcheka alisema imepinda kwa sababu ya njaa.

Siku ya tano alikuja mwalimu wetu na mgeni wa Kizungu aliyefikia misheni. Huyo mgeni alikuwa akikusanya vitu vyetu avipeleke kwao. Mwalimu, ambaye shuleni alituchapa akikuta udongo kwenye kucha zetu, siku hiyo alichekacheka meno yote nje.

"Bwana amefurahi sana. Anasema watoto waachwe wacheze kwa hiari yao. Haya, chezeni! Chezeni haraka!"

Mgeni alikunjua kiti chake akakaa. Aliyemaliza ng'ombe alipewa kibonge cha sukari. Hapo mchezo ukafa, ingawa tuliendelea kufinyanga. Hakuna aliyechunga wala kuimba. Mwalimu alipita akikagua, huyu pembe fupi, yule nundu ndogo, rudia. Nasi tulirudia, hata wale wa siku za nyuma tukawaponda upya, midomo imejaa mate. Nikikumbuka tulivyokuwa tukimtazama mfukoni yule mtu, nakwenda kuosha mikono.

Kisha wakawasha moto wawachome ng'ombe, ili wasivunjike safarini. Mama alipita na mzigo wa mahindi kichwani, akaona. Yeye alikuwa ameshuhudia mizoga ya ng'ombe wa kweli ikichomwa mwaka wa ile tauni ya mifugo. Alitema mate chini, akaenda zake bila kumwamkia mtu. Udongo ulikuwa bado mbichi, kwa hiyo ng'ombe wetu walipasuka motoni mmoja baada ya mwingine.

Aliyekuwa amekauka ni mmoja tu, yule wa mdogo wangu, wa tangu siku ya kwanza. Mgeni akamnyooshea kidole. Mdogo wangu akamkumbatia.

"Huyu haondoki," alisema. "Bado ananyonyesha."

Mwalimu akatafsiri, wakacheka wote wawili. Kisha mwalimu akaniinamia mimi. Alinuka jasho na sabuni ya misheni.

"Wewe ndiye mkubwa, una akili. Vibonge viwili."

Ningependa kusema nilisitasita. Sikusitasita. Nilimwambia mdogo wangu ng'ombe ana njaa, akamkatie majani ng'ambo ya mfereji, mimi nitamlinda. Aliniamini. Alinikabidhi ng'ombe kwa mikono miwili na kuniambia nisimshike ndama shingoni. Alipovuka tu, nikampa mwalimu.

Ng'ombe alitoka motoni mzima, mwekundu kama tofali, na ndama wake ananyonya vilevile. Mgeni alimviringisha kwa pamba akamfungia sandukuni. Mdogo wangu alirudi na majani mkononi. Alitazama moto, akatazama sanduku, halafu akanitazama mdomo. Hakulia. Mimi nilikuwa na sukari shavuni, nikaimeza ili isionekane.

Watu hudhani nakunywa chai isiyo na sukari kwa sababu ya ugonjwa. Yule mgeni namchukia, na mwalimu namchukia zaidi. Lakini kinyaa chenyewe, kile kinachonipanda hadi kooni, ni cha ulimi wangu mwenyewe, kwa sababu ile sukari ilikuwa tamu.

Shule ilipofungwa tena, mama alitutoa jikoni kama kawaida. Tulifika mferejini. Mvua ilikuwa imeshapasafisha, udongo ulikuwa laini, na hapakuwa na mtu mzima hata mmoja. Mdogo wangu alikaa, akaweka mikono mapajani, akasubiri. Nikamwambia aanze.

"Dada," aliniuliza, "wamesema tufinyange nini?"