Enchilada za Neema na Makopo ya Bibi

Enzi zetu pale Iringa, oveni ilikuwa kabati. Kama kwenu ilikuwa tofauti, basi nyinyi mlikuwa matajiri na mlitunyamazia. Kwetu jiko la umeme lilisimama jikoni kama mgeni wa heshima, limefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki. Ndani ya oveni mlikaa masufuria, makaango, mifuniko isiyo na wenyewe, na sukari iliyofichwa tusiione. Tuliiona. Chakula kilipikwa uani kwa mkaa, umeme ulikuwa wa taa na pasi. Ungemwambia mama yangu kuna watu wanaliwasha lile kabati kila siku, angekuombea.

Hata keki tulioka kwa mkaa: sufuria jikoni, mfuniko juu, na juu ya mfuniko makaa mengine. Sisi watoto tulichuchumaa pembeni, tumetoka kucheza rede, vumbi jekundu hadi magotini, tunavuta harufu ya siagi na iliki. Aliyeuliza "bado?" alitumwa dukani, na akirudi akakuta keki imekwisha. Kwa hiyo tulinyamaza. Watoto wa leo wakingojea maikrowevu ilie wanatangaza kwamba wanakufa njaa.

Binti yangu Neema ni wa hao hao. Ana miaka kumi na minne, amezaliwa hapa Johannesburg, na tunaishi Randburg kwenye nyumba yenye kiuwanja kinachotosha nguo na jiko la braai, la kuchomea nyama, la baba yake. Kiswahili anakielewa chote, hasa tukimsema, lakini anajibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu.

Mama yangu alipokuja kututembelea, Neema alimpikia kila alichojifunza kwenye simu. Bibi alionja vijiko viwili, akasema, "Nimeshiba, mjukuu wangu, Mungu akubariki." Baada ya muda kidogo unasikia mwiko unagonga sufuria, Bibi anajisongea ugali. Neema aliumia kweli. Ilipofika jioni ya mwisho kabla Bibi hajarudi Iringa, akaapa kwamba leo Bibi atashiba chakula chake. Alichagua enchilada za nyama, chakula cha Kimeksiko cha kuoka.

Akakaanga nyama ya kusaga kwa vitunguu, saumu na bizari nyembamba. Akatengeneza rojo zito la nyanya na pilipili. Kisha akachukua chapati nyembamba za dukani, akazijaza nyama, akazikunja moja moja, akazibananisha kwenye trei. Bibi alikuwa kwenye kigoda, anatazama. Rojo lilipoanza kumwagwa juu ya chapati, uvumilivu ukamwishia.

"Mama Neema, huyu mtoto analowesha chapati kabla watu hawajala!"

"Ndivyo zinavyotakiwa, mama."

"Na nyinyi niliokuwa nawachapa kwa kulowesha chapati, nilikuwa nawaonea?"

Neema akafukia kila kitu kwa jibini, akageukia oveni, ambayo alikuwa ameiwasha mapema ipate moto. Hakuwa amechungulia ndani. Mtu wa kizazi changu hawashi oveni bila kuchungulia, ni kama kupiga hodi. Aliyezaliwa Johannesburg atajulia wapi?

Tangu afike, Bibi alikuwa anakusanya makopo ya plastiki ya aiskrimu na ya siagi, anayaosha na kuyafuta, aende nayo nyumbani akawekee maharage. Na aliyahifadhi pale ambapo mtu yeyote mwenye akili huhifadhi vyombo.

Moshi ulitangulia, harufu ikafuata. Mume wangu akaja mbio kutoka sebuleni. "Eish! Nini kinaungua?" Tukafungua. Makopo yalikuwa yameyeyuka, yanachuruzika kwenye zile nyaya kama uji wa rangi. Bibi alishika kichwa: "Makopo yangu!" Neema alishika trei. Kila mmoja alikuwa na msiba wake.

Oveni ikawa haifai. Neema akakaa sakafuni, akalia, akasema kwa Kiingereza kitu ambacho Bibi hakukielewa.

"Anasemaje?"

"Anasema sasa utakula ugali tu, kama kila siku."

Bibi akajua amekamatika. Halafu akajifunga khanga kiunoni. "Baba Neema, mkaa wako uko wapi?"

Mume wangu haruhusu mtu kugusa jiko lake la braai, lakini mama mkwe si mtu wa kuambiwa hapana. Trei ikakaa juu ya makaa machache, ikafunikwa sinia, na juu ya sinia makaa mengine. Nilijikuta nimechuchumaa, mimi ninayekwenda kazini Braamfontein na viatu virefu, nanusa. Neema aliuliza "bado?" kila baada ya pumzi mbili, na hakuna aliyemtuma popote.

Mezani, jibini lilikuwa limeungua pembeni na kunyunyiziwa majivu. Bibi alivuta kipande, jibini likamfuata, akainua mkono hadi sikioni na bado halijakatika. Akala enchilada ya kwanza kimya. Akala ya pili kimya. Neema hakugusa sahani yake.

"Bibi," akasema, kwa Kiswahili cha kujikwaa, "ni tamu?"

Nilishtuka. Enzi zetu mkubwa haulizwi hivyo. Unapika, unatenga, unanawisha mikono, unaondoka. Wakila wamekula.

"Tamu," Bibi akasema, akivuta ya tatu. "Majivu yameisaidia."

Neema alicheka hadi akapaliwa. Sijui nilipatwa na nini, mtu mzima nina mvi, nikajikuta nami nauliza.

"Mama, na ule ugali niliokuwa nasonga nyumbani?"

Alilamba kidole kwanza. "Ulikuwa mbichi, Mama Neema. Mpaka siku unaolewa, mbichi."

"Mbona hukusema?"

"Uliuliza?"

Sikuuliza. Enzi zetu tulikuwa na adabu kubwa, wenzangu, na leo naionea wivu midomo ya hawa watoto. Hatukuuliza, wao hawakusema, na marehemu baba yangu alikula ugali mbichi miaka yote ile, akimaliza anasogeza sahani na kuomba aongezwe.