Risala ya Injini Kumi

Mtu akisimama mbele ya meza yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki, akaanza kusoma "Ndugu mgeni rasmi, sisi wanafunzi wa chuo hiki," mimi huondoka. Sijali ni mahafali ya mtoto wa nani. Nitasingizia choo, nitasingizia kichwa, nitoke nje nikasonye peke yangu. Nyumbani wameshanizoea, wanasema mama huyu ana hasira. Si hasira. Ni kinyaa, na ninajua kilianza siku gani.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria limeshaingia Mwanza na kukaa kitako. Viwanda vya minofu vilikuwa vinaota ufukweni, sangara wanapanda ndege kwenda kwa wenye nazo, na sisi wenye ziwa tunauziwa mapanki, kichwa na miba iliyobaki baada ya nyama kukatwa. Mama yangu alikuwa akiyakaanga mapanki hayo na kuyauza Igogo, na ndiyo yaliyonilipia ada, maana vyuo vya serikali navyo vilikuwa vimeanza kututaka tuchangie. Kila mwenye boti alitaka injini. Madukani mjini zilikuwa zimejaa, za rangi zote, lakini mafundi wa kuzitengeneza walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Basi serikali, nisiwe mchoyo wa sifa, hapo iliwaza vizuri. Ilitoa ruzuku kwa vyuo vya ufundi, na chuo chetu, kule juu ya mawe upande wa Ilemela, kikapata injini kumi mpya za boti ili kianzishe kozi ya kuzitengeneza.

Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, msichana mimi peke yangu. Tulizishusha wenyewe kwenye lori, zikiwa ndani ya makasha ya mbao, tukaimba na kuimba. Tukaziingiza stoo. Mkuu wa chuo akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni, akatuambia twende tukaoge.

Hazikutoka. Alitueleza sababu asubuhi moja tukiwa mstarini, tena kwa fahari. Ruzuku ilikuwa ya awamu mbili. Watu wa wizara watakuja kukagua, wakikuta vifaa vimetunzwa, awamu ya pili itakuja, na wakikuta vimechakaa, chuo kitahesabiwa kuwa hakijui kutunza mali ya umma. Kwa hiyo vitatunzwa. Na msidhani mtu huyu alikuwa mwizi. Angekuwa mwizi ningemwelewa, maana mwizi angalau anajua kitu ni cha kutumiwa. Huyu hakuchukua hata boliti moja. Kila Ijumaa aliingia stoo na kitambaa chake mwenyewe akazipangusa vumbi, kisha akazifunika shuka. Jamani, injini za kufundishia watoto wa watu zinafunikwa shuka, na watoto wenyewe wako nje wanachungulia kwenye tundu la ufunguo!

Sisi tukafundishwa kwa injini ya mbao. Sitanii. Mwalimu wetu, mtu mpole kupita kiasi, alichukua picha kwenye kitabu cha zamani, akawapelekea wenzake wa useremala, wakamchongea. Ilikuwa na plagi ya mbao, kabureta ya mbao, na kamba ya katani ya kuwashia. Tunapanga foleni, tunavuta kamba mmoja mmoja, mwalimu anauliza, imewaka? Tunaitikia, imewaka. Miezi minane. Mtu mzima na ndevu zake anavuta kamba kwenye gogo na kusema imewaka.

Na darasani kwetu kweli alikuwepo mtu mzima na ndevu zake. Alitoka Ukerewe, umri wa karibu arobaini, nasi tulimwamkia shikamoo kila asubuhi kabla ya kumwamkia mwalimu. Tangu ujana alikuwa kibarua wa mwaloni, kule boti zinakoshushia samaki: kuvuta nyavu, kubeba sangara begani kutoka majini mpaka kwenye mizani. Mgongo ukakataa. Siku nyingine alikuwa akiinuka kwenye dawati kwa awamu, mkono kwanza, goti, halafu ndipo mtu mzima anafuata. Tajiri wake, yaani mwenye boti, alikuwa amemwahidi kwamba akileta cheti cha ufundi wa injini atamweka fundi wa kambi yake ya uvuvi, aache kubeba. Alimpa na muda: mpaka vyeti vya mwaka ule vitoke. Baada ya hapo atatafuta fundi mwingine. Basi mzee wa watu akauza mtamba wake wa ng'ombe, akaja kukaa na sisi watoto, kuvuta kamba kwenye gogo.

Ikatangazwa kwamba mgeni rasmi anakuja kutoka wizarani, na kwamba wiki tatu baadaye msahihishaji atakuja kutupa mtihani wa ufundi. Chuo kikachanganyikiwa. Kozi zilisimama. Tulifyeka nyasi, tukapaka mawe chokaa. Mawe ya Mwanza! Milima mizima ya mawe, na sisi tumepewa ndoo na brashi tuyapake meupe, kana kwamba mgeni huyo angekuja kulala juu yake. Mkuu akaandika risala, akatafuta mwanafunzi wa kuisoma, akanichagua mimi kwa sababu nilikuwa nasoma bila kukwama. Tena akataka nimwashie mgeni injini moja ndani ya pipa la maji, aone kazi ya ruzuku.

Kwa ajili hiyo nilifunguliwa stoo. Wiki nzima, kila jioni, mwalimu na mimi, mlango umerudishiwa, na gunia limetandikwa chini tusidondoshe mafuta. Siku ya kwanza mwalimu mwenyewe alihangaika kuufungua mfuniko wa juu, kwa sababu komeo lake lilikuwa limejificha nyuma kwa chini, na kwenye injini yetu ya mbao mfuniko ulikuwa unainuliwa tu kama wa sufuria. Kabureta ilikuwa upande mwingine kabisa. Siku ya pili nikaiwasha. Nilisikia mlio wake mpaka kwenye meno, na nikafurahi, siwezi kusema uongo hapo. Mwalimu akanisihi nisiwaambie wenzangu, kwa sababu mkuu amesema ni mimi tu.

Yule mzee wa Ukerewe alikuwa ananingoja nje kwenye mawe. Aliniuliza ikoje. Nikamwonyesha kwa mikono hewani, huku kuna hiki, huku kuna kile, naye akitikisa kichwa akijaribu kuviona. Kisha akasema jambo aliloonekana kuwa amelifikiria kwa siku nyingi.

"Mwanangu, wewe ndiye utakayesimama mbele yake. Mwombe tufunguliwe stoo hizo wiki tatu za kabla ya mtihani. Hizo tu zinanitosha."

Nikamwambia nitaomba. Nikaapa, tena bila kuulizwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alichelewa kwa muda wa saa nne, tukiwa tumesimama juani, na alipofika alipewa soda na kuku. Nikasoma risala. "Sisi wanafunzi tunaishukuru serikali kwa ruzuku hii, kwani injini hizi tunazitumia kila siku katika mafunzo yetu kwa vitendo." Sisi wanafunzi! Sentensi imeandikwa na mtu mwenye ufunguo mfukoni, inatoka kinywani mwangu. Nikamaliza, nikaenda kwenye pipa, nikavuta kamba mara moja tu, ikawaka. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mgeni akacheka, akanisogelea, akaniuliza mwenyewe, nje ya karatasi, kama ni kweli tunazitumia kila siku. Alikuwa anauliza kweli. Nilimwona usoni kwamba anataka jibu.

Nikasema, "Ndiyo, mheshimiwa."

Ningependa kusema nilitishwa. Sikutishwa na mtu. Mkuu hata hakuwa ananiangalia, alikuwa anahangaika na kipaza sauti. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, ninanuka moshi wa mapanki maisha yangu yote, na watu wote wale walikuwa wananipigia makofi. Nilitaka waendelee. Ndiyo sababu yote, hakuna nyingine. Mgeni akaomba ile risala, akaitia kwenye jalada lake, akaondoka, na injini ile ikafutwa, ikarudishwa chini ya shuka.

Mtihani ukaja. Msahihishaji alikuwa mtu wa haki, mkali lakini wa haki, na hilo ndilo linaloniuma, maana hata yeye siwezi kumtupia lawama. Akasema kwa kuwa chuo kina injini zake, na wanafunzi wanazitumia kila siku, hana haja ya kuuliza maswali ya karatasi. Kila mmoja atafungua kabureta, aisafishe, airudishe, awashe. Injini zikatolewa nje, mpya, zinang'aa, na wenzangu wakazitazama kama wageni.

Mimi nilimaliza mapema. Kisha nikakaa benchi nikamtazama yule mzee. Alitafuta pa kufungulia mfuniko. Alipapasa juu, akapapasa pembeni, akapiga goti akachungulia, mgongo wake unamuuma mpaka jasho linamtoka, akarudi juu. Mkono wake ulipita karibu na lile komeo mara mbili. Nilikuwa nalijua. Ningekohoa, ningenyoosha kidole, ningepoteza nini? Nilikaa na mikono yangu mapajani. Muda ukaisha mfuniko haujafunguka. Hakuna hata mmoja kati ya wale kumi na mmoja aliyewasha injini.

Akasimama, akamwambia msahihishaji kwa adabu kwamba hawajawahi kuzigusa mashine hizi tangu walipozishusha kwenye lori. Msahihishaji akamtazama mkuu, mkuu akatazama chini. Basi msahihishaji akafungua jalada alilopewa wizarani, akatoa karatasi, nami nikaitambua kwa mbali. Akaniita. Akaniuliza kama risala ile niliisoma mimi. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama yaliyomo ni kweli.

Hiyo ilikuwa mara ya pili kuulizwa. Mungu anipe nini tena? Wenzangu wote kumi na mmoja wamenigeukia. Na mimi nikasema, "Niliisoma kama ilivyoandikwa."

Hata leo jibu lile linanitia kichefuchefu kuliko ule uongo wa kwanza. Uongo wa kwanza ulikuwa wa mtoto aliyelewa makofi. Kwa hili la pili nilikuwa mkavu kabisa, najua ninachofanya, nakilinda cheti changu. Msahihishaji akaandika alichoandika.

Jioni nilimfuata mzee alikokuwa anafunga godoro lake kwa kamba. Nilikuwa nalia, na kulia kwenyewe nakuonea haya sasa. Nilitaka anitukane. Alikaza fundo, akasema, "Nyamaza, mwanangu. Na mimi ningepewa hiyo wiki moja, ningesema hivyohivyo." Sijui kama ni kweli. Nadhani si kweli.

Awamu ya pili ya ruzuku ilikuja, wakaongezewa injini, na stoo ikajengewa mlango wa chuma. Mimi nilikaa nyumbani miezi miwili na cheti changu, nikimsaidia mama kupaa magamba. Siku moja alifika mgeni mlangoni, ni yule mzee. Tajiri wake alikuwa anatafuta fundi mwenye cheti, na yeye alikuwa amemwambia anamjua mmoja. Mama akamshukuru sana, akamfungia mapanki kwenye gazeti. Nami nikaenda. Sikukataa, mkitaka kujua. Nilihitaji kazi.

Alinipeleka mwenyewe mpaka mwaloni. Akanionyesha banda la injini, akamwambia tajiri kwamba fundi ndiye huyu, akaniombea hata kiti cha kukalia. Kesho yake alfajiri nilimkuta ufukweni, suruali ameikunja magotini, anangoja boti ziingie. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, "Marahaba, fundi," akaingia majini na vibarua wenzake kubeba samaki.