Vyungu Visivyo na Chale

Moshi wa vyungu una harufu yake. Si ule wa jikoni unaokufuata mpaka shuleni umejificha kwenye nywele. Huu ni mzito, una utamu wa mabua ya mtama na ukali wa magome ya miti, na chini yake kuna harufu ya ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Nilikuja kuujua nikiwa na miaka kumi na moja, kiangazi kile mama alipojifungua mdogo wangu kwetu Ruangwa na mimi nikapelekwa Mtua, upande wa Nachingwea, kukaa kwa bibi yangu mzaa mama. Bibi Fatu alikuwa mfinyanzi. Mikorosho ilikuwa imechanua, nyuki wanavuma mpaka unasinzia umekaa, na kazi yangu ilikuwa kusugua vyungu kwa kokoto laini kabla havijakauka. Niliipenda kazi ile, sisemi uongo. Nilichokuwa sikipendi ni uso wa bibi yangu.

Acha niseme wazi, maana nimeshakuwa mtu mzima na aibu hiyo ni yangu, si yake. Bibi alikuwa Mmakua wa ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka mto akiwa msichana, wakati wa vita kwao Msumbiji, yeye na shangazi yake, bila hata kanga ya kubadili. Mama yake alibaki, na hawakuonana tena mpaka leo. Alichotoka nacho kwao ni chale alizochanjwa alipovunja ungo: mwezi mchanga katikati ya paji la uso, na mistari mitatu midogo kila shavu. Mwezi huohuo aliugandamiza kwenye shingo ya kila chungu kwa ukingo wa kipande cha kibuyu, kama alivyofundishwa na mama yake. Chungu kisicho na mwezi kwake kilikuwa bado hakijaisha. Sokoni watu walivinunua bila kuuliza. Shuleni ndiko nilikokiona cha moto. Kulikuwa na msichana anaitwa Sharifa, mdomo wake hauna pazia, akaniimbia siku ya pili tu nilipofika: “Mjukuu wa mtu wa kuja! Bibi yako kachorwachorwa kama daftari!” Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Hicho kicheko changu ndicho kinachoniuma kuliko vyote.

Basi siku moja ikaingia bodaboda uani, ameketi nyuma dada mmoja mwenye rangi kwenye kucha. Aliitwa Salome, mchoraji, mzaliwa wa Nkowe kule Ruangwa. Alisema yeye na wenzake watano wanaandaa maonyesho ya sanaa Nachingwea mjini, kwenye ghala la zamani la korosho, kazi zote zikiwa juu ya watu waliohama: walitoka wapi, wamebeba nini, sasa ni akina nani. Mmoja wao alikuwa anatoka Msumbiji. Akaviona vyungu vya Bibi, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ule mwezi, halafu akamwomba awe msanii wa saba. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. “Msanii ndiyo nani? Mimi nafinyanga tu, mwanangu.” Lakini Salome alipoondoka, Bibi akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba kama watu wa ng'ambo watakuja, pengine yupo atakayeujua mkono wa mama yake. Siku ya pili alfajiri alikuwa bondeni anachimba udongo. Alifinyanga vyungu sita. Sikuwahi kumwona akifinyanga vile, anaimba, anavunja, anaanza upya.

Mimi nikapata habari nyingine shuleni: mwalimu atatupeleka darasa zima kwenye maonyesho. Jamani! Akilini nilimwona Sharifa tayari amesimama mbele ya vyungu vile, ananinyooshea kidole. Ndipo nikafanya nilichofanya. Asubuhi ya kuchoma, Bibi alipokwenda kutafuta magome, nilichukua kitambaa, nikakilowesha, nikafuta miezi yote sita. Udongo mkavu ukipata maji unalegea, kwa hiyo haikuwa kazi kubwa. Nikapitisha kokoto juu yake, pakawa laini kama hapakuwahi kuwa na kitu. Kisha nikavipanga mwenyewe, midomo chini, nikavifunika mabua, nikamwambia Bibi aliporudi kwamba nimemrahisishia kazi. Akanishukuru! Akaniita mke mwenzangu, kama anavyoniita akiwa na furaha.

Moto haukuchukua muda kunisema. Kila mfinyanzi anajua kwamba chungu chenye unyevu hakiwekwi motoni, na mimi nilikuwa nimekwisha kuambiwa mara kumi, ila woga ulinisahaulisha. Kikapasuka cha kwanza, pu! Kikafuata cha pili. Bibi akainuka taratibu. Hakutazama moto, alinitazama mimi. “Nani ametia maji?” Nikaanza kulia kabla sijajibu. Vilipopoa akavitoa vinne vilivyopona, akakigeuza kimoja mikononi, akapapasa shingo yake kwa kidole gumba, akizunguka, akizunguka, anatafuta. Nilitamani anichape. Hakunichapa. Alisema tu, “Mama yangu hayumo humu.” Akaingia ndani, na jioni ile hatukula pamoja. Maonyesho yalikuwa kesho kutwa, na chungu kipya kinataka wiki nzima kukauka kivulini.

Nikajua haendi. Kumbe simjui bibi yangu. Siku yenyewe aliamka mapema, akavaa kanga mpya, akafunga vyungu vinne kwenye shuka, na juu yake bonge la udongo mbichi lililoviringishwa gunia lililoloweshwa. Mimi nikaambiwa nibebe kibuyu kilichovunjika. Ghalani watu walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Salome alikuwa amechora milango ya nyumba zisizokuwapo tena, na yule msanii wa Msumbiji ameshona vipande vya kanga ukutani vikawa mto mrefu, una kingo mbili na hauna daraja. Darasa letu lilikuwa limepangwa mstari, nami nikamwachia Bibi kibuyu, nikaenda kusimama nao. Pembeni alikuwapo bibi yake Sharifa, Bibi Hadija, aliyehesabiwa na wote mwenyeji wa hapohapo mjini, mwanamke wa heshima zake, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mwalimu, na ushungi wake siku zote umeshuka mpaka kwenye nyusi. Bibi yangu alivipanga vyungu vyake visivyo na mwezi, akakunja miguu chini sakafuni, akaanza kufinyanga mbele ya watu wote. Watu wakasogea. Chungu kilipanda mikononi mwake, tumbo, bega, shingo. Alipomaliza, akaniita kwa sauti: “Zaituni! Mke mwenzangu! Njoo uweke mwezi.”

Nikatoka mstarini. Njia kutoka kwenye mstari wetu hadi kwa Bibi ilikuwa hatua kama kumi, na kwenye kila hatua nilimsikia Sharifa akicheka puani. Nikapiga magoti. Nikakishika kile kipande cha kibuyu, nikakigandamiza kwenye udongo. Mwezi wa kwanza ulikwenda upande. Wa pili ulikaa. Wa tatu ukafuata, nikaendelea mpaka nikaizunguka shingo yote. Nilipoinua uso, nilimwona Bibi Hadija amesogea, analia waziwazi, wala hafuti machozi. Akasema Kimakua, maneno mengi ya haraka ambayo sikuyaelewa, na bibi yangu akajibu ameduwaa. Kisha Bibi Hadija akaurudisha ushungi wake nyuma. Mwezi huo hapo, katikati ya paji! Alituambia naye aliuvuka Ruvuma, ndiyo kwanza amevunja ungo na kuchanjwa, na kwamba mama yake alipikia chungu chenye shingo ya namna hii, kilichofinyangwa na mwanamke wa kijiji chao, na akalitaja jina. Lilikuwa jina la mama yake bibi yangu. Wallahi, ghala lilipiga vigelegele mpaka mabati yakaitikia. Bibi alisimama na udongo wake mikononi, akacheza. Sharifa alikuwa amekodoa macho kwa bibi yake. Baadaye alinijia polepole akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kuushika ukingo wa kibuyu. Nilimringia kidogo, mnisamehe, halafu nikamwonyesha.

Miaka imepita. Bibi Fatu yu hai, macho yamepungua lakini mikono bado inamsikiliza, na Bibi Hadija humtembelea kila Idi, wakakaa wakateta kwa lugha yao mpaka chai ikapoa. Mimi nimerudi Ruangwa, nafundisha shule ya msingi. Siku hizi vijana wanajichora miili kwa hiari yao, na kuhama si siri ya mtu, kila nyumba ina aliyekwenda Dar au Mtwara. Lakini swali lile la utotoni, la nani mwenyeji na nani wa kuja, bado lipo, limevaa tai tu. Majuzi nilikwenda kuomba kitambulisho, na kijana wa mezani akauliza bibi yangu mzaa mama alizaliwa wapi. Nikamwambia: ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, Mmakua. Akaishusha kalamu, akapunguza sauti kwa huruma, akasema maswali yatakuwa mengi, dada, wengi hapa huandika tu kijiji cha upande huu yakaisha. Nikamwambia niko tayari kwa maswali yote, sina haraka, na jina la kijiji alichozaliwa bibi yangu, kilekile cha ng'ambo, aliandike kwa herufi kubwa.