Mama wa Kwenye Kadi

Safari ya meli niliichagua mimi. Dada yangu angependelea tukae nyumbani kwangu, mtaa wa Al Thumama, tupike, tuongee, na jioni tumpeleke mtoto ufukweni, Corniche, akakimbie. Lakini nilikuwa nimekaa Doha miaka saba nikifanya kazi ya unesi, binti yangu alikuwa anakuja kunitembelea kwa mara ya kwanza, na nilitaka kumpa kitu ambacho hakuna mtu mwingine angeweza kumpa. Hasa nilitaka kumpa kitu ambacho dada yangu hangeweza kumpa.

Nilimwacha akiwa na miaka miwili. Baba yake alikuwa ameshaenda zake, na hospitali niliyokuwa nikifanyia kazi Nakuru ilikuwa imekwama kwenye mgomo usioisha. Kazi ya huku ilipotokea, dada alinisindikiza hadi uwanja wa ndege, mtoto akiwa amelala mgongoni mwake. Akaniambia, "Nenda. Huyu ataishi kwangu kama wangu."

Sikujua kwamba alimaanisha hivyo hasa.

Nilikuwa nikienda nyumbani kila nilipopewa likizo, lakini likizo zilikuwa fupi. Mtoto akianza kunizoea, mimi naanza kufunga sanduku. Alimwita dada "Mama". Mimi aliniita "Mama Doha", kama mtu anavyomwita jamaa wa mbali kwa jina la mji anakoishi. Watu wa nyumbani walicheka, wakasema ni kitoto tu, kitakuja kujua. Nami nilicheka pamoja nao kwenye simu.

Siku ya kupanda meli tulisimama kwenye foleni pale bandarini, sote watatu, binti yangu katikati. Msichana aliyekuwa mezani alituwekea kadi za kufungulia vyumba, kisha akamfunga mtoto bangili ya plastiki mkononi. Akasema kwa Kiingereza kwamba mtoto mdogo kama huyu haruhusiwi kuzurura melini bila mzazi, na kwamba kadi yake itaunganishwa na ya mzazi mmoja. Akauliza, "Mzazi ni nani?"

Tukajibu wote wawili kwa pamoja, "Mimi."

Msichana akatazama pasipoti. Jina la mtoto lilifuatwa na langu. Akanipa kadi mimi. Dada akacheka kidogo, akahamisha mkoba kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Jioni ile, chumbani, niliwasomea kitabu cha sheria tulichokikuta juu ya kitanda. Usikimbie kwenye korido. Usicheze na lifti. Usiweke taulo kwenye kiti cha bwawani kukishikilia kisha ukaenda zako. Osha mikono kabla ya kujipakulia, na upakue kile utakachomaliza. Kwa kweli kilinifurahisha. Doha imenifanya mtu wa sheria. Hospitalini, kwenye metro, hata kwenye jengo tunamoishi, kila mahali kuna kibao kinachokuambia usimame wapi na unyamaze saa ngapi, na ukishazoea unapumzika, kwa sababu hakuna anayeweza kukukuta na kosa.

Dada alinisikiliza akiwa anavua viatu. "Sasa," akasema, "tumekuja kupumzika ama tumefungwa?"

Binti yangu akacheka mpaka akajitupa kitandani. Kitanda cha dada.

Dada hakuvunja sheria yoyote, hilo lazima niseme. Alikuwa na adabu zake tu alizotoka nazo Nakuru, na hizo ndizo zilizoshinda. Alimsalimia kila mtu aliyeingia kwenye lifti. Aliwauliza wahudumu wa mezani kama wamekula. Kufikia kesho yake, wazee wa mataifa nisiyoyajua walikuwa wakimpungia mkono kutoka upande wa pili wa bwawa, na binti yangu alikuwa akimfuata nyuma akisalimia kama yeye, kwa maneno yale yale, kichwa kikiwa upande vile vile. Mimi nilikuwa nabeba chupa za maji.

Mama mmoja tuliyekaa naye meza moja wakati wa chakula cha mchana alimsifu dada kwa kulea vizuri. "Asante," dada akamjibu. "Huyu ndiye kitindamimba wangu." Vijana wake wawili ni wakubwa, mmoja ameshaoa. Yule mama akanigeukia kwa tabasamu, akasema, "Na wewe bila shaka ndiwe anti yake."

Nilimtazama dada ili amrekebishe. Alikuwa akimenya chungwa. Aliendelea kulimenya, akampa mtoto kipande, na mazungumzo yakahamia kwenye hali ya hewa.

Usiku wa nguo rasmi nilikuwa nimejiandaa tangu Doha. Sheria ilisema hakuna kaptura wala ndala kwenye ukumbi mkubwa usiku ule, na mimi nilikuwa nimekwenda The Pearl, kwenye yale maduka ninayopita tu nikiangalia kwa nje, nikamnunulia binti yangu gauni la buluu lenye mkanda wa satini. Nilimtumia dada picha kwenye simu kabla hawajasafiri. Alijibu, "Nzuri sana."

Zipu iligoma katikati ya mgongo. Mtoto alikuwa amesimama mbele ya kioo, mikono juu, akinivumilia.

"Vuta pumzi," nikamwambia.

"Nimevuta."

"Vuta tena."

"Hainitoshi, Mama Doha," akasema taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba.

Dada alifungua sanduku lake, akatoa gauni jekundu lililopigwa pasi na kukunjwa ndani ya kanga ili lisijikunje. "Nililibeba," akasema, "endapo litahitajika."

Lilimkaa vizuri kila mahali. Nilibaki na lile la buluu mkononi, nikielewa kwamba dada alijua tangu alipoiona ile picha. Alijua, akaandika "nzuri sana", kisha akaenda kupiga pasi jingine. Chakula cha usiku ule sikumbuki kilikuwa nini. Nakumbuka tulipigwa picha, na mpiga picha akatupanga, dada na mtoto mbele, mimi nyuma.

Siku iliyofuata nilimpeleka mtoto kwenye klabu ya watoto, nikaenda kukaa kwenye sitaha. Sikukaa sana. Mhudumu akaniletea simu ya meli: njoo klabuni tafadhali. Nilikimbia kwenye korido, mimi niliyewasomea wenzangu sheria.

Nikamkuta dada amesimama nje ya kigeti, mkoba kwapani. Mtoto alikuwa upande wa ndani, viatu ameshavaa, tayari. Mhudumu wa pale, msichana mwenye sauti ya upole, aliniambia, "Samahani, huyu mama amekuja kumchukua, anasema ni mama yake. Lakini kadi inasema mama ni wewe."

"Waambie," dada akasema kwa Kiswahili. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyekwama nje ya nyumba yake mwenyewe, akingoja mwenye ufunguo.

Msichana akaniambia kwamba ni jambo rahisi. Nikiridhia, nigusishe kadi yangu hapa, na jina la dada litaongezwa.

Katika siku zote hizo, hicho ndicho kitu cha kwanza kilichokuwa upande wangu. Ile kadi nilikuwa nimeishika. Nikasema, "Hapana. Nitamchukua mwenyewe."

"Hapana?" msichana akauliza, akidhani hakusikia.

"Hapana."

Dada aliniangalia, kisha akageuka akaondoka. Kigeti kikafunguliwa. Binti yangu alinipa mkono kama anavyompa mwalimu wakati wa kuvuka barabara. Tulipofika mwisho wa korido, akasimama.

"Kwa nini umemkatalia Mama?"

"Mama ni mimi."

"Najua," akasema. "Nimekuuliza kwa nini umemkatalia."

Nikabonyeza kitufe cha lifti.

Chumbani, mtoto alipoingia kuoga, dada alifunga mlango wa bafu vizuri, akaongeza sauti ya televisheni.

"Unataka tushindane?" akaniuliza.

"Kwa yule mama wa mezani ulinyamaza. Mwenyewe ulisema ataishi kwako kama wako, basi. Kama wako."

"Na nilidanganya?"

"Ungemfundisha kuniita mimi mama."

"Ulipoondoka alikuwa analala mlangoni," dada akasema. Sauti yake ilikuwa chini, alikuwa anaogopa mtoto asisikie. "Nikimtoa, anarudi. Analia, anaita mama, mama. Ningefanyaje? Niliitika."

"Ungemwambia mama yuko Doha."

"Nilimwambia. Ndiyo maana unaitwa hivyo."

Maji bafuni yakanyamaza. Dada akapunguza sauti ya televisheni, akachukua taulo, akaenda kusimama mlangoni. Mtoto alipotoka, alitokea mikononi mwake.

Kuna jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Nilikuwa nimemtafutia binti yangu nafasi ya shule Doha, na kuanza mipango ya vibali vya kukaa na mimi. Safari yote ile nilikuwa nimeipanga iwe mlango wa kulileta neno hilo. Asubuhi ya kurudi, Doha ikiwa imeanza kuonekana, nilimwita kwenye sitaha, sisi wawili tu. Nikamweleza: shule ina bwawa la kuogelea, nyumbani atakuwa na kitanda chake, nitabadilisha zamu niwe namlaza mwenyewe kila siku.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza hata mara moja.

"Na Mama atakaa wapi?"

"Atarudi Nakuru. Si ana duka lake?"

Akatazama chini, akafikiri. Kisha akanishika mkono, mkono wangu mmoja kwa mikono yake miwili, vile dada anavyowashika wageni, akasema, "Asante sana, Mama Doha. Labda nikiwa mkubwa."

Ningependa angelia. Ningependa angenitupia maneno mabaya, angesema hanitaki, nikapata pa kushikia. Lakini alikuwa amelelewa. Alinikataa kama mtoto aliyefundwa vizuri anavyokataa chakula kwenye nyumba ya watu, kwa shukrani, asimwudhi mwenye nyumba.

Nikasema, "Sawa." Nikamwuliza kama amekunywa chai.

Waliondoka wiki ile ile. Uwanjani dada alinikumbatia muda mrefu, akaniambia nile, nimekonda. Hatujagombana tena tangu siku ile, wala hatujaizungumzia. Ananitumia picha, nami najibu kwamba ni nzuri sana. Watu wa shule walipoandika kuuliza kama bado naihitaji ile nafasi, niliwajibu wampe mtoto mwingine.

Mganda tunayeishi naye jengo moja, dereva wa familia moja huko mjini, aliniuliza safari ya meli ilikuwaje, kwa sababu naye anawaza kumleta mke wake siku moja. Nikamwambia bahari ilikuwa imetulia, na chakula kilikuwa kingi kupita kiasi. Akataka kujua kama wana wali mzuri. Nikasema wanao. Kisha nikaenda kupiga pasi sare yangu ya kazini.