Mtani Aliyekunywa Soda ya Mgeni Rasmi

Kitabu changu cha kwanza cha watoto kinahusu mbuzi anayejiandikisha darasa la kwanza, na siku ya tatu anakula daftari la mahudhurio. Mwalimu anapomuuliza mahudhurio ya darasa yako wapi, mbuzi anajibu, "Yako tumboni, mwalimu." Siku niliyoandika sentensi hiyo nilicheka peke yangu mpaka jirani akaja dirishani kuuliza kama niko salama. Kwa hiyo mtanielewa nilivyojisikia pale maktabani Kilosa, nilipoisoma kwa sauti mbele ya watoto darasa zima na asipatikane hata mmoja wa kutingisha bega.

Walikuwa wamekaa vizuri mno. Mikono wameikunja kifuani, migongo imenyooka, macho yote kwangu. Nilipomaliza, mwalimu wao alinyoosha kidole juu, wakapiga makofi ya kupangwa, matatu, matatu, na moja la kumalizia, kisha wakanyamaza. Mtunza maktaba akasimama kunishukuru kwa "mada nzuri". Mada! Mimi nimeleta mbuzi, naambiwa nimeleta mada.

Nikajipa moyo. Nikasema labda ni ile maktaba, watu huingia mle kama wanaingia kwa daktari. Wiki iliyofuata nikaenda kwenye duka moja la vitabu na madaftari karibu na stendi, ambako mwenye duka alikuwa ameniwekea kiti cha plastiki na spika kubwa. Wazazi walileta watoto wamepakwa mafuta, nguo za sikukuu. Wakaniamkia kwa sauti moja, nikaitikia marahaba, nikasoma. Mbuzi akala daftari. Kimya. Mtoto mmoja alianza kutabasamu, mama yake akamfinya begani. Nilimwona kwa macho yangu haya.

Shuleni Msowero ndiko nilikokaribia kulia. Mwalimu mkuu alisoma risala ndefu kuliko kitabu changu, nikasoma mimi, yakaja makofi yaleyale. Nikauliza kama kuna swali. Mkono mmoja ukanyanyuka, moyo wangu nao ukanyanyuka. Msichana akasimama wima akauliza, "Je, hii itatoka kwenye mtihani?"

Nimsingizie nani? Kimya kile nilikipanda mwenyewe. Nimefundisha darasa la pili na la tatu zaidi ya miaka ishirini, na maneno "kidole mdomoni" nimeyatamka mara nyingi kuliko majina ya wanangu. Akija mkaguzi au diwani, nilikuwa nafanya mazoezi na watoto tangu jana yake: mgeni akiongea hakuna kujikuna, hakuna kucheka. Na nilipostaafu nikawa mwandishi, katika barua zangu za kuomba nafasi ya kusoma nilikuwa naandika kwa mkono wangu, "Naomba wanafunzi waandaliwe." Wakaandaliwa kweli. Halafu nilipenda ile meza kuu, nisiseme uongo. Kitambaa cheupe, maua ya plastiki, mgeni rasmi ndani ya suti ya bluu. Nilikuwa nimeingoja meza hiyo maisha yangu yote.

Mhariri wangu wa Dar es Salaam hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alinipigia simu akasema, "Dada, walimu wanakisifu kitabu, lakini sijasikia mtoto hata mmoja aliyekicheka. Siwezi kutoa kitabu cha pili cha kuchekesha kama cha kwanza hakichekeshi." Angekuja Mikumi kwenye tamasha la vitabu nililoalikwa kusoma, akae nyuma, asikilize. Watoto wakikipokea, angeuchukua muswada wangu wa pili. Wasipokipokea, tungeagana kwa amani nami ningerudi kwenye shamba langu la mpunga. Muswada ule nilikuwa nimeuandika kwa miaka mitatu, na niliupenda kuliko ule wa kwanza. Nikautia kwenye begi, nikaondoka nao.

Nilipita njia ya Ulaya, kile kijiji chetu cha Kilosa. Ilikuwa siku ya gulio, baiskeli zimebeba mikungu ya ndizi, na mimi ndani ya gari nafanya mazoezi ya sauti ya mbuzi. Dereva alivumilia kwa muda, kisha akauliza kwa heshima, "Mama, koo linakusumbua?"

Tamasha lilikuwa kwenye uwanja wa shule. Turubai, meza za vitabu, watoto wa shule tatu wameketi kwenye mikeka. Na mbele kabisa, meza kuu, kitambaa cheupe. Nikaongozwa hadi kwenye kiti changu. Mhariri alikuwa amekaa nyuma ya watoto, amekunja mikono kifuani kama wao. Nilimwamini sana mwanamke yule, na siku ile nilimwogopa.

Mshereheshaji, mwalimu wa zamu, akanitaka nijitambulishe. Nikasema mimi ni mtoto wa Kilosa, babu yangu Mnyamwezi aliyetoka Tabora kuja kukata mkonge, akaoa, akabaki. Kisha nikafungua kitabu. Nilisoma vizuri, jamani. Nilibadilisha sauti, nikatoa macho, nikatafuna hewa. Nikafika: "Yako tumboni, mwalimu." Ningeweza kusikia turubai likipumua. Nilimtazama mhariri, naye akatazama chini, na hapo nikajua nimekwisha.

Wakati huohuo akaja mama mmoja mwenye sinia la soda na bilauri. Ndiye aliyekuwa akipika uji wa wanafunzi pale shuleni, mtu mzima kunizidi, kanga kiunoni. Badala ya kuweka soda na kuondoka, alisimama akanikazia macho.

"Nimeambiwa vizuri huko jikoni? Babu yako Mnyamwezi?"

"Ndiyo, mama."

Akaweka sinia chini, akawageukia walimu. "Jamani! Mimi Msagara wa hapahapa, mmemchukua mbeba mizigo wangu mkamkalisha kwenye kiti cha bosi? Na maua juu?"

Watoto wakashtuka. Mshereheshaji akanyanyuka nusu, akakumbuka, akakaa. Maana Msagara na Mnyamwezi ni watani, tangu wakati wa misafara ya miguu, Wanyamwezi wakipita nchi ya Wasagara na mizigo kichwani, na matani hayakatazwi na mtu yeyote, hata kama mgeni rasmi ndiye anayetaniwa. Yule mama alilijua hilo. Akafungua soda yangu, akanywa nusu chupa kwa mkupuo mmoja mbele ya meza kuu, akajifuta mdomo kwa pindo la kanga.

"Hii ni ya mwenye nchi," akasema. "Wewe tutakutafutia viazi vikavu vya kwenu."

Ualimu wangu wote ulitaka kumwambia atoke nje. Mdomo ulishafunguka. Lakini kilichotoka hakikuwa cha mwalimu.

"Kunywa tu, mtani wangu, kunywa! Babu yangu alipopita hapa na mzigo kichwani aliwakuta wote mmelala, saa sita mchana. Akautua mzigo, akawaamsha mmojammoja. Mpaka leo hamjamsamehe kwa kuwakatisha usingizi!"

Msichana mdogo wa mstari wa mbele aliweka kidole mdomoni haraka, kama alivyofundishwa, lakini kicheko kikamtokea puani. Akatazama walimu kwa woga. Walimu walikuwa wanacheka. Mwalimu mkuu wa pale mwenyewe alikuwa ameshika ubavu. Hapo kicheko kikalipuka. Watoto wa shule tatu walicheka kwa pamoja, mikono ikafunguka vifuani, wengine wakaangukiana mapajani.

Mtani wangu hakuniachia nafasi. Alizunguka meza, akanisukuma kwa nyonga, akakaa kwenye kiti changu, maua mbele yake. "Haya, mbeba mizigo, nisomee. Nilikuwa jikoni, huyo mbuzi simjui."

Nikavua viatu. Nikaenda kukaa mkekani katikati ya watoto, na suti yangu ya bluu. Nikaanza upya tangu ukurasa wa kwanza, na safari hii nilikuwa namsomea yeye, siyo umma. Kila nilipofika mahali pa kuchekesha alidakia. Mbuzi alipovaa sare, akasema sare imempendeza kuliko mwandishi. Mbuzi alipokula daftari, akapiga meza: "Huyo lazima Mnyamwezi!" Watoto walikuwa hoi.

Nikafika pale mwalimu anapouliza. Nikafunga kitabu, nikamnyooshea mtani wangu kidole, nikauliza kwa sauti yangu ya darasani, "Haya wewe! Mahudhurio ya darasa yako wapi?"

Akababaika. Kitabu hakukisoma. Akatazama huku na huku, kisha akawatazama watoto.

"Yako tumboni, mwalimuuu!"

Walijibu wote, kwa sauti moja, ile ya kuitikia salamu asubuhi, ila safari hii hakuna aliyewaamrisha. Ndege waliruka kwenye paa la darasa. Walikuwa wameishika sentensi yangu neno kwa neno, tangu pale nilipoisoma mara ya kwanza wakiwa wamekunja mikono. Nikawaza maktaba ya Kilosa, nikawaza lile duka, nikawaza yule msichana wa Msowero. Kumbe wote wale walikuwa wanasikia. Walikuwa wamekibana kicheko kwa adabu, wakakibeba mpaka nyumbani, na mimi nikaenda kulala nikidhani sijui kuandika. Machozi yalinitoka na sikuyaficha, maana kwa furaha niliyokuwa nayo hata ningetaka nisingeweza.

Mhariri akapita kati ya mikeka, anafuta macho kwa kiganja. "Muswada wa pili uko wapi?" akauliza.

Nikautoa kwenye begi, karatasi zimebanwa na kibanio. Alitaka kuupokea, lakini yule msichana wa mstari wa mbele alikuwa ameshauona.

"Huo nao una mbuzi?"

"Hauna," nikamwambia. "Una bibi anayeshindana na treni."

"Tusomee!"

Nikamtazama mhariri. Yeye ndiye mwenye uamuzi, na kazi bado haijapigwa hata chapa.

"Nauchukua," akasema, "lakini wasomee wao kwanza." Akatafuta nafasi kwenye mkeka, akajibanza kati ya watoto wawili, akaweka mkoba mapajani.

Mtani wangu akagonga meza kuu kwa chupa tupu akidai watu wanyamaze. Hakuna aliyemsikiliza. Nikaanza ukurasa wa kwanza katikati ya kelele zile, na kabla sijafika nusu yake nililazimika kusimama niwasubiri wamalize kucheka.