Mstari Mrefu wa Mjomba

Majuzi huko Sulay, Riyadh, madereva tulijipanga foleni mbili kwenye lango la ghala, nami nikakumbuka mchana mmoja wa kura kijijini kwetu, Kenya. Siku hizo watu walipiga kura kwa kusimama nyuma ya mgombea wao, na mjomba alikuwa anautaka ubunge. Mstari wake ulipita hadi josho la ng'ombe, tukawa tunanusa dawa na samadi mbichi. Wa mpinzani wake uliishia kwenye kivuli cha ukuta wa shule. Chifu alitazama huku na huku, akapuliza filimbi, akamtangaza yule wa mstari mfupi.

Nilikuwa mtoto; sikuona ajabu. Kwenye mashine ya kusaga unga, mstari mfupi ndio uliomaliza kwanza. Nikamvuta mama leso.

"Mama, mbona hamkusimama kwenye ule mfupi?"

"Nyamaza, baba."

Mjomba alicheka mpaka akajifuta macho. "Dada, huyu ndiye tungemsimamisha. Siasa anaijua!"

Leo najua hayakuwa machozi ya kicheko. Watu walitawanyika, askari wakiwapungia rungu, lakini mama alibaki amesimama pale pale, kana kwamba bado hajahesabiwa.