Santuri Iliyomtoa Fahali Uwanjani

Mkiniona Khayega siku hizi nimevuta kofia mpaka puani, msidhani ni jua. Ni aibu. Wapo watu wazima pale sokoni ambao wakinitambua wanaanza kutikisa mabega na kupiga "du, du, du, du" kwa midomo, na mama mmoja muuza parachichi hunipigia hadi makofi, nami siwezi kumlaumu mtu kwa sababu yote niliyataka mwenyewe, kwa mkono wangu huu wa kulia.

Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo nimefanya kila kazi isiyomtaka mtu akae mahali pamoja: nimepakia miwa Mayoni, nimeuza kava za simu mjini Kakamega, nimekuwa kinyozi (wateja wachache, na hawakurudi). Ugonjwa wa santuri ulinipata kule kwenye miwa. Mkata miwa mmoja alikuwa amefunika sufuria yake ya maharagwe kwa kitu cheusi cha mviringo, nikakiomba, nikakiosha, nikakipeleka kwa fundi mwenye mashine kuukuu, na ule mdundo ulipotoka nilisahau kwamba lori lilikuwa linaningoja. Tangu siku hiyo natafuta. Na sitafuti rumba wala nyimbo za kwaya, hizo zina wenyewe. Natafuta zile za disko za chinichini, zilizochapwa chache, ambazo redio haikuzigusa, nyingine zina lebo nyeupe tupu isiyo na jina la mtu wala la wimbo. Nakusanya pia tiketi za vilabu vilivyokufa, mabango yaliyochorwa kwa mkono, hata mihuri ambayo mabaunsa waligongea watu mkononi. Dada yangu huita chumba changu jalala lenye mlango.

Basi nikasikia habari za Mzee Liyayi wa Khayega. Zamani alikuwa didjei wa Popo, kilabu kilichokuwa chini ya ghorofa moja mjini, na kilipofungwa alirudi nyumbani na kila kitu: masanduku mawili ya santuri, kadi za uanachama, muhuri wa mlangoni wenye picha ya popo, na ule mpira wa vioo wa kuning'inia darini, ambao sasa ulikuwa unafukuza ndege kwenye mtama. Nilikwenda. Katika masanduku yale niliona santuri moja yenye lebo nyeupe, imeandikwa namba 7 kwa penseli, basi. Nikamuuliza ni wimbo gani.

"Utausikia ukiwa wako," akasema.

"Na utakuwa wangu lini, Kuka?" (Kuka ni babu, ndivyo tunavyowaita wazee wa huku.)

Alinionyesha zizini. Mle ndani alisimama fahali mweusi, shingo kama gunia la mahindi, jina lake Diwani. Mzee hakuwa akifuga kwa ajili ya maziwa wala nyama. Alikuwa akimwandaa kwa mapigano ya mafahali, na safari hiyo alipangiwa kukutana na Tingatinga wa Iguhu, ambaye alikuwa hajawahi kushindwa. Makubaliano yakawa haya: nimkatie Diwani majani kila asubuhi mpaka siku ya pambano. Akishinda, nachukua masanduku yote mawili na hiyo namba 7. Akishindwa, sipati hata bahasha tupu ya santuri.

"Kwa sababu akishindwa," mzee akasema, "nitabaki na nini kingine cha kujivunia?"

Wiki tatu nilikata majani. Nilifika alfajiri, nikaondoka saa nane mchana kurudi kwenye kava zangu. (Kumbukeni hiyo saa nane. Laiti ningekaa mpaka jioni mara moja tu, leo ningekuwa natembea na kichwa wazi.)

Jumamosi ya pambano ilifika. Tulitoka na Diwani kukiwa bado na umande, wachezaji wa isukuti mbele na ngoma zao, matawi juu, watu wanaimba, na uwanjani nusu ya Iguhu ilikuwa imeshafika na filimbi. Mzee Liyayi akaniita mbele ya wazee wenzake, akatoa namba 7 kwenye mfuko wa unga wa karatasi, akanikabidhi.

"Shika, wote waone. Diwani akishinda, hurudishi. Lakini usiicheze bado."

Ningewezaje, jamani? Mimi mtu ambaye nikiona chungu kimefunikwa lazima nifunue! Nilikuwa na mashine yangu ya betri ya kuchezea santuri, ile inayofungwa kama sanduku (huwa naibeba kila mahali, kama mwinjilisti na biblia), ila spika yake ilikuwa imekufa. Na nyuma ya pikapu ya mtangazaji wa pambano, rafiki yangu Masitsa, kulikuwa na amplifaya. Mafahali walipoanza kusukumana, pembe kwa pembe, Masitsa alishuka na maiki yake isiyo na waya akawakimbilia karibu, anatangaza kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Diwani alikuwa anamrudisha Tingatinga nyuma, hatua kwa hatua. Tulikuwa tunashinda! Nikajiambia, namba 7 ni yangu tayari, nitasikiliza sekunde kumi tu, polepole, sikio kwenye spika, nani atajua?

Nikapanda nyuma ya pikapu, nikachomeka waya. Nikashika kitufe nilichodhani ni cha sauti ya mashine yangu, nikakipunguza mpaka chini kabisa. Nikaweka sindano.

Kumbe nilikuwa nimepunguza maiki ya Masitsa. Uwanja mzima ulimwona anafungua na kufunga mdomo kama samaki, na mahali pa sauti yake ukatoka mdundo, du, du, du, du, mzito, wa spika nne kubwa, na juu yake kinanda kinachopanda kama mtu anayekimbia ngazi. Nakiri kwamba kwa sekunde tatu nilifurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Kisha Diwani akasimamisha masikio.

Akachomoa pembe zake kwa Tingatinga, taratibu, kama mtu anayeaga. Akamgeuzia mgongo. Akaanza kutembea kuvuka uwanja, bila haraka, watu wanampisha huku na huku wakipiga mayowe, mpaka kwenye pikapu, akaweka kidevu chake ukingoni karibu na goti langu, akatoa ulimi, akangoja.

Nani asiyejua sheria? Fahali akigeuza mgongo akaondoka, ameshindwa. Iguhu yote ilimiminika uwanjani. Tingatinga mwenyewe alikuwa bado amesimama pale pale, anaangalia huku na huku, hajui ameshindaje.

"Huyu ametumwa na watu wa Iguhu!" mtu akapiga kelele.

"Hakutumwa mtu," akajibu kijana mmoja wa Iguhu, anacheka machozi, "lakini tungemjua tungemtuma!"

"Nilitaka kusikiliza tu!" nikasema, nikainua sindano. Ukimya. Diwani akakoroma, akaipiga pikapu kichwa mpaka taa ya nyuma ikadondoka. Nikarudisha sindano. Akatulia, akalamba suruali yangu.

Hapo Mzee Liyayi akafika. Hakunitukana, na hilo ndilo lililouma. "Hiyo wimbo anaisikianga kila jioni akipewa molasi," akasema. "Tangu akiwa ndama. Sasa molasi iko wapi?"

Molasi, ile shira nyeusi ya miwa, haikuwepo. Na bila molasi wala ukimya, njia ya kumrudisha nyumbani ilikuwa moja. Masitsa (aliyekuwa haongei nami, ingawa maiki ilikuwa imerudi) aliendesha pikapu mwendo wa kobe, mimi nimepiga magoti nyuma nashikilia mashine isirukeruke, kila wimbo ukiisha nairudisha sindano mwanzo, Diwani nyuma yetu, mzee nyuma ya Diwani, na hakuna njia nyingine isipokuwa katikati ya soko la Khayega. Wenye bodaboda wakatufuata wanapiga honi kwa mdundo. Wachezaji wetu wa isukuti, ambao walipaswa kuomboleza, wakaona mdundo unaingiliana na ngoma zao, wakaingia. Mama wa parachichi akaacha meza yake akacheza mpaka kilemba kikaanguka.

"Mwanangu," akanipigia kelele, "hata mimi nikiolewa sikusindikizwa hivi!"

Nilihesabu: tuliucheza mara kumi na tisa.

Zizini Diwani alipewa molasi, akanyamaza. Nikamrudishia mzee santuri yake kwa mikono miwili, nikaomba msamaha huku natazama chini. Akaifuta vumbi kwa kiwiko cha koti, akaiweka kwenye rafu yake juu ya ndoo ya molasi.

"Popo ilipofungwa nililetea kelele hizi kila mtu hapa nyumbani," akasema. "Mke akatoka. Watoto wakatoka. Jirani akahamisha mbuzi. Huyu peke yake alikaa." Akamkuna Diwani shingo. "Sasa umeisikia. Si ndicho ulichotaka?"

Ndicho nilichotaka, na hapo ndipo niliona aibu ya kweli. Masanduku yalibaki kwake. Lakini nilipogeuka niende, alivuta mkono wangu, akachovya ule muhuri kwenye wino, akanigongea popo kwenye kifundo cha mkono. Saa kumi na mbili jioni, akasema, nisichelewe, na nije na molasi.

Kwa hiyo naenda kila jioni. Tunakuwa watatu, mzee, mimi na Diwani, na ule mpira wa vioo umetolewa kwenye mtama ukaning'inizwa juu ya zizi. Nimeapa maishani mwangu sitacheza tena santuri ya mtu kabla ya kuuliza nani mwingine ameizoea. Na nikifika pale, naweka molasi chini, nakaa juu ya ndoo, mikono nimeikalia.